Njamba Nene si wa Wakikuyu peke yao, na pia si malaika



Tarehe 28 Mei 2025, siku Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki kule Marekani, stetasi zote kwa simu yangu ziligeuka matanga. Picha ya mzee, mshumaa, na maneno mazito kuhusu lugha ya mama yaliyoandikwa kwa Kizungu cha kunyoosha. Nikauliza watu wanne: wewe umesoma kitabu gani chake? Wawili walitaja The River Between, juu dada zao waliifanya kama setibuku. Mmoja alisema anajua "ile aliandika kwa karatasi ya choo." Wa nne akanitumia mshumaa mwingine.

Nikaweka posti fupi nikisema kwamba kama mnampenda mzee hivyo, anzeni na vitabu vyake vya watoto, vya Njamba Nene. Ngori ikaanza hapo. Kuna waliosema hawajawahi kusikia. Kuna waliosema hivyo ni vya Wakikuyu, sisi watu wa Meru vinatuhusu nini. Halafu kuna msee mmoja, huyo ndiye alinikera kabisa, akaandika ati watoto wa leo wana Harry Potter, wana Netflix, mambo ya kijiji tuwaachie wazee. Nimekaa na hiyo komenti muda mrefu. Leo najibu wote, na mkae mkijua sitakuja kumtetea Njamba Nene kila mahali. Kuna mahali ananichosha sana.

Kwanza kwa wale hamjui. Ngũgĩ alitoka kizuizini Kamiti mwezi wa Desemba 1978, akiwa ameamua riwaya zake ataziandika kwa Kikuyu. Watu wanajua Caitaani Mũtharaba-inĩ, hiyo ya karatasi ya choo. Chenye hawajui ni kwamba aliandikia watoto pia. Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu, yaani basi lenye mabawa, ilitoka 1982. Bathitoora ya Njamba Nene, ile ya bastola, ikatoka 1984. Cha tatu, Njamba Nene na Cibũ Kĩng'ang'i, chifu mamba, kilikuja 1986, mzee tayari yuko uhamishoni. Wangũi wa Goro alitafsiri viwili vya kwanza kwa Kiingereza, na hivyo viwili ndivyo nitaongelea.

Mimi nilivipata kwa inama pale Nairobi, vile vitabu vya kupangwa chini kando ya barabara, wiki moja baada ya kuacha chuo. Sitasema chuo gani. Karo ilikuwa imeshinda nyumbani, mimi pia nilikuwa nimeshindwa na chuo, na nilikuwa na shilingi chache za nauli ya Meru. Nikachukua vyote viwili kwa mia na hamsini juu vilikuwa vyembamba na havingeniumiza kichwa. Nikavisoma kwa matatu. Kufika Makutano nilikuwa nimemaliza cha basi na nusu ya cha bastola, na nilikuwa na hasira fulani siwezi kueleza vizuri.

Hadithi ya basi ni hivi. Njamba Nene ni mtoto wa mama maskini anayeitwa Wacu. Shuleni anachekwa na mwalimu na wanafunzi wenzake. Anachekewa umaskini, na anachekewa kupenda vitu vya kwao. Darasa hilo linaabudu Uingereza. Siku moja wanapelekwa safari kwa basi, na lile basi linaota mabawa, linapaa, na wanajikuta porini. Sasa wale watoto werevu wa darasani, wanaojua kila kitu cha Ulaya, hawajui hata watakula nini. Anayejua ni yule waliyekuwa wakimcheka. Mti gani una matunda ya kuliwa, upande gani ndio wa kwenda, mtaishije usiku ukiingia. Anawaongoza hadi wanatoka.

Angalieni alichofanya mzee hapo. Kwa hadithi nyingi za watoto za kichawi, uchawi ni kitu unazaliwa nacho. Harry Potter anapata barua, anaambiwa wewe ni mchawi, wazazi wako walikuwa wachawi, karibu. Percy Jackson baba yake ni mungu wa bahari. Wewe msomaji wa Kianjai unaweza kungoja barua hiyo mpaka ndevu ziote. Kwa Njamba Nene kitu cha ajabu ni kimoja tu, basi kupaa. Baada ya hapo hakuna fimbo ya kichawi. Nguvu ya huyu kijana ni kujua kwao, na kujua kwao ni kitu mtoto yeyote anaweza kufundishwa na nyanyake bure. Sijaona hadithi ya watoto iliyonipiga hivyo. Wewe unayesema hayo ni mambo ya kijiji, kitabu kilikuwa kinakusema wewe kabla hujazaliwa.

Na kuhusu hasira yangu kwa matatu. Primari niliyosoma huku ilikuwa na disk. Watu wa Meru wa rika langu mnaijua: kipande cha mbao chenye kamba. Ukishikwa ukiongea Kimeru unavalishwa shingoni, unazunguka nacho hadi umshike mwingine akiongea. Jioni yule wa mwisho kuwa nacho anachapwa. Ngũgĩ aliandika juu ya kitu kama hicho kwa shule za utotoni mwake, wakati wa mkoloni. Mimi nilivaa yangu Kenya ikiwa na katiba mpya. Nilikuwa mzuri sana kuwategea wenzangu. Nilikuwa najificha nyuma ya choo nikisikiliza nani atateleza. Basi nikisoma wale watoto wanaomcheka Njamba Nene, sikujiona ndani ya Njamba Nene hata kidogo. Nilijiona kwa wale wa kucheka.

Hapo ndipo sifa zinaisha kidogo.

Agosti iliyopita mtoto wa dadangu, ana miaka tisa, alikuja kufungia shule huku kwa shosho. Ni mtoto wa Nairobi kabisa. Kimeru chake ni "muga" na jina la ukoo. Nikamsomea kitabu cha basi usiku, kwa Kiswahili, natafsiri huku nikiendelea. Basi lilipopaa alicheka hadi akaanguka kwa kiti, akaniuliza kama konda alirudisha nauli. Akauliza kama hata matatu za Maua zinaweza kupaa zikifika kwa zile kona. Nikajua tumeshika. Tulipoingia kurasa za porini akaanza kupoa. Akaniuliza, "Anko, kwani huyu Njamba hakosei?"

Nikajaribu kutetea. Nikasema yeye alifundishwa na mamake. Akasema, "Sawa, lakini hata mamake hakosei." Nilikosa jibu, na sina mpaka leo.

Huyo ndiyo ugonjwa wa hivi vitabu. Njamba Nene ni sahihi kuanzia ukurasa wa kwanza. Haogopi kitu kwa namna ambayo mtoto ataiamini, hadanganyi, haoni wivu, hajawahi kutamani viatu vya yule mtoto tajiri hata dakika moja. Mtoto maskini gani huyo? Mimi nilitamani viatu vya kila mtu. Na wale wengine, mwalimu na watoto wa matajiri, ni wajinga kila saa. Hakuna mmoja kati yao anayekaribia kuwa mtu ambaye ungependa akae kando yako kwa basi. Mtoto wa miaka tisa aligundua mapema kwamba mchezo umeshapangwa: huyu atashinda kila mara, hawa watashindwa kila mara, na kila kitu kikitokea kuna mtu atatoa somo. Akaanza kunihesabia masomo. "Ingine hiyo, Anko."

Wapenzi wa Ngũgĩ mtaniambia kwamba aliandika hivyo makusudi, hadithi ya mapambano si mahali pa kubembeleza. Naelewa. Mtu ametoka kizuizini, amenyimwa kazi yake ya chuo kikuu, ataandika kitu cha kuuma. Hata hivyo mtoto si mkutano wa hadhara. Linganisheni na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, kwa ule mfululizo ulioanza na Akata Witch mwaka 2011. Sunny ni msichana aliyezaliwa Marekani akaletwa Aba, ana ualbino, hajui aseme yeye ni wa wapi. Kwa ulimwengu ule ukijifunza kitu, pesa zinaanguka kutoka hewani. Yaani wazo ni lile lile la Ngũgĩ, kwamba kujua ndiyo mali. Tofauti ni kwamba Sunny hukosea. Anaonyesha nguvu zake mbele ya mtu asiyefaa kuziona na anaadhibiwa vibaya. Unageuza ukurasa juu unaogopa atafanya nini tena. Kwa Njamba Nene hutageuza ukurasa kwa kuogopa. Utageuza kwa heshima, na heshima haiwezi kushindana na katuni.

Kitabu cha bastola kiko afadhali kwa hili, nakubali. Hapo Njamba Nene hayuko shule tena, ni wakati wa hali ya hatari, ile serikali ya mkoloni ilitangaza Oktoba 1952. Anatumwa na mkate, na ndani ya mkate kuna bastola. Halafu anakamatwa kwa msako pamoja na watu wengine, na ule mkate anao. Hapo mpwa wangu alinyamaza. Hakuuliza masomo ni ngapi. Mkate tu! Kitu chenye tunanunua kila siku kwa duka, na sasa kinaweza kuua watu wote walio kwa foleni. Nilimweleza juu ya gakunia, wale watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, wanaangalia foleni na kutikisa kichwa, na ukitikisiwa umeenda. Hayo yalitokea kweli, hakuhitaji kubuni. Aliniambia niache taa ikiwaka. Mzee akiacha kuhubiri, anaweza kutisha kuliko Voldemort, na ametumia mkate.

Sasa nyinyi watu wa "hiyo ni ya Wakikuyu."

Vita hivyo vya msituni havikuishia Nyeri. Musa Mwariama alikuwa mtu wa Tigania, huku huku. Alipigana mpaka mwisho bila kushikwa, akatoka msituni uhuru ulipokuja, kuna picha yake na Jomo Kenyatta ya 1963 ambayo mmeiona hata kama hamjui ni nani. Alikufa 1989. Haya, niambieni kitabu cha watoto cha kusisimua chenye kijana wa Muthara anapeleka mkate kwa Mwariama. Mimi nimekulia Kianjai, nimetafuta, na hakuna aliyewahi kuniwekea mkononi. Tuna barabara na picha za ukumbusho. Mtoto hawezi kulala na barabara chini ya mto.

Halafu tuna Mbwaa, jamani. Hii ndiyo inanifanya nitake kurusha simu. Mzee wa Limuru alilazimika kubuni basi lenye mabawa. Sisi tuna hadithi imekamilika tangu zamani. Watu wetu wako Mbwaa, karibu na maji makubwa, wametawaliwa na Nguo Ntune, wale wa mavazi mekundu. Hao watawala wanawapa majaribu ambayo hayawezekani, na wakishindwa wanakufa. Leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje. Leteni mbwa mwenye pembe. Watu wanakaa usiku wanakuna vichwa, halafu wanachukua pembe za swala mdogo wanazigandisha kwa kichwa cha mbwa. Mwisho wanaambiwa watengeneze mkuki wa kufika mbinguni, na hapo wanajua hii sasa hatuwezi. Wanatoroka. Wanafika majini, adui nyuma. Koomenjoe anapiga maji kwa fimbo na maji yanafunguka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa juu, Njeru, weupe. Zipo namna nyingi za kuisimulia, na wasomi hubishana kama Mbwaa ni Manda kule Lamu au ni wapi. Wabishane. Mimi naona vitabu saba vimelala hapo. Na angalieni, hawa watu hukosea, huogopa, huiba pembe, hushindwa na jaribu la mwisho. Kile Njamba Nene anakosa, Koomenjoe na watu wake wako nacho kwa mifuko yote miwili.

Nilimsimulia mpwa wangu hiyo ya mbwa kwa dakika tano, vibaya, kwa Kiswahili, nikiwa nimesahau katikati. Hakuniuliza somo ni gani. Aliniuliza gundi walitoa wapi. Sikujua, na kesho yake akaenda kuuliza shosho mwenyewe. Akarudi anasema shosho ameongea sana na hajaelewa kitu.

Hapo ndipo pananiuma. Shosho alikuwa na jibu, mtoto alikuwa na swali, na mtu wa katikati ni mimi. Nikaitwa nitafsiri. Alitaja mti. Najua ule mti kwa macho, uko nyuma ya zizi, nimeupanda nikiwa mdogo. Jina lake nilisikia akilitaja, lakini sikuweza kumwambia mtoto ni mti gani kwa Kiswahili wala kwa Kizungu, na yale mengine aliyoeleza, jinsi unavyochemshwa, nilishika nusu. Mimi, mtu wa kuandika posti za lugha ya mama. Yule mtoto alituangalia zamu kwa zamu, kama anangoja basi lipae. Wiki hiyo hiyo shosho alimtuma terere akamletea majani ya viazi, na tulicheka sana, dadangu akacheka kwa simu, ila mimi nilikuwa nimecheka kwa sauti kubwa kuliko wote na najua ni kwa nini.

Msee wa komenti, wewe wa Harry Potter, sikatai. Mimi nilisoma vyote saba na nitavisoma tena. Vimeuza nakala zaidi ya milioni mia tano duniani na si kwa bahati. Yule mama aliketi akajenga shule nzima, na chakula chake, na michezo yake, na walimu wabaya wenye sababu za ubaya wao. Hatuwezi kushindana na hiyo kwa vitabu vitatu vyembamba vya miaka ya themanini na mshumaa kwa stetasi. Ngũgĩ alitufungulia mlango, akaandika vitatu akiwa na serikali mgongoni, na tangu 1986 sisi tumesimama pale mlangoni tukipiga picha. Njamba Nene amebaki mtoto kwa miaka karibu arobaini juu hakuna mtu amemwandikia ugomvi na mamake, au siku amedanganya, au siku amemwonea huruma yule mtoto tajiri aliyekuwa analia porini. Mngemheshimu mzee zaidi kwa kumkosoa hapo na kuandika cha nne.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini hata hii posti siko Kimeru. Juu nikiandika Kimeru mtasoma watu kumi na wawili, na wanne kati yao ni familia. Naambia nyinyi ukweli. Nahesabu viewazi kama kila mtu, nyumba inataka unga.

Ila nimeanza kitu. Nimemrekodi shosho usiku tatu mfululizo, simu nimeiegemeza kwa thamosi ya chai. Anasimulia Mbwaa kwa Kimeru na mimi namkatiza kila saa kuuliza neno, ananitukana kidogo, naacha humo matusi yote. Vidio ya kwanza ni ya mbwa mwenye pembe. Ile sehemu ya gundi nimeisikiliza mara sita, bado kuna maneno mawili sijayapata. Kama una mzee huko Mikinduri ama Muthara anayeweza kunisaidia, niandikie leo, kabla niipandishe Ijumaa. Kitabu cha bastola nilimpa mpwa wangu akarudi nacho Nairobi. Mamake ananiambia amekiweka chini ya godoro, na kwamba juzi alimtuma dukani akakaa muda mrefu nje ya mlango, anaufinya mkate.